Kebo ya Waya Tatu

Rostock, 11 Februari 2024

Mwanangu Namnyaki,

Leo ni Jumapili ya pili ya Februari, na mwezi huu nimetimiza miaka thelathini na minane na miezi mitano tangu nilipopanda basi Arusha na sanduku la bati, nikiwa natumwa Dresden kujifunza kompyuta ili nirudi kuwafundisha wengine. Nchi iliyonipokea ilifutwa kwenye ramani nikiwa ndani yake. Tangu nilipokanyaga kwetu Oldonyo Sambu mara ya mwisho, mwaka 1994, imepita miaka ishirini na tisa na ushei.

Marahaba kwa shikamoo yako ya Januari. Ilinifikia bahasha ikiwa imelowa pembe moja, lakini wino ulivumilia. Magoti yangu ni mabovu, kichwa kizima. Tangu Helga afariki napika mara moja kwa siku, na paka wa jirani anakuja kukagua. Mpe pole mumeo Yoeli kwa ng'ombe wake aliyevunjika mguu. Nimefurahi kusikia duka lenu la pembejeo limepata wateja wapya Nduruma, ingawa nakuhurumia kwa lile vumbi.

Sasa mashine. Unasema kompyuta ya zamani imekufa, usharika umewapa laptop mpya, na laptop hiyo haina pa kuchomeka waya wa printa ya nukta nundu ya Simaloi. Nimesoma pia ulichoandika kwa herufi ndogo pembeni, kwamba sikio lake la kushoto halisikii tena na daktari hana ahadi kuhusu la kulia. Kwa hiyo usinirudie na lile ambalo kila mtu anakuambia, kwamba siku hizi simu inamsomea asiyeona. Simu inamsomea anayesikia. Dada yangu alipoteza macho kwa surua akiwa mtoto, na sasa masikio nayo yanaondoka. Atabaki na vidole, na vidole vinataka karatasi.

Geuza mashine uangalie mgongoni. Kuna soketi mbili. Moja ni pana, ina vibanio viwili vya waya ubavuni kama masikio. Hiyo iache. Kebo za kisasa zinazoingia hapo zipo, na ni rahisi kupatikana, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya printa za ofisi. Programu ya Simaloi ni ya zamani kama mashine yenyewe na haitaziona. Soketi ya pili ni nyembamba, ina matundu ishirini na tano katika safu mbili. Hiyo ndiyo yetu.

Unahitaji adapta inayotoka USB kwenda kwenye plagi ya pini tisa, yenye chipu halisi, na kebo inayotoka kwenye pini tisa hizo kwenda kwenye matundu ishirini na tano, ikiwa na waya zote ndani. Mashine ile inapiga nukta kwenye karatasi nene, taratibu, na kompyuta inatuma maneno haraka. Kuna waya ambao kazi yake ni kuiambia kompyuta ingoje. Wauzaji wasio na haya huuacha, wakaweka waya tatu tu, na kwa nje huwezi kujua.

Usinunue kitu. Nitanunua hapa, nitaijaribu mwenyewe, nitaituma kwa posta. Na ukimwona mtu yeyote amekuja na kisu kunyoosha pini ili kitu kiingie, mtoe nje. Kisichoingia kina sababu ya kutoingia.

Baba yako mkubwa,
Loishiye


Lemara, 17 Machi 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Huku tunaendelea, mvua zimeanza mapema na barabara yetu imekuwa mto. Yoeli amemchinja yule ng'ombe, hakupona. Naisiae wangu ameanza darasa la kwanza na tayari amepoteza sweta mbili. Shangazi anakusalimu. Sasa ukitaka akusikie lazima uende upande wa kulia na useme kwa nguvu, na majirani wote wanajua tunakula nini jioni.

Barua yako ilichelewa, imefika juzi. Naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Wiki mbili zilizopita Baba alishuka kutoka Oldonyo Sambu, akaingia ndani na mfuko wa plastiki. Akasema, "Haya, tatizo la dada limekwisha. Parsimei amenitolea kebo dukani kwake. Kila kitu kimo." Nikamwambia tumeshamwandikia Baba Mkubwa, tusubiri jibu lake. Akacheka. "Kaka yangu akiulizwa maji yako wapi, anaanza kueleza mvua inavyotengenezwa."

Ilikuwa ni adapta, kisha kebo nyeusi ya kwenda kwenye yale matundu ishirini na tano. Haikuingia vizuri. Kijana wa Mzee Parsimei aliyekuja na Baba alitoa kisu. Wakati huo sikuwa na barua yako, Baba Mkubwa, ningemtoa.

Ikaingia. Shangazi aliandika hadithi yake moja ya zamani, ile ya mbuzi wa bibi waliopotea upande wa msitu, tukaituma. Mashine ikaanza kupiga. Shangazi alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuniko, kwa sababu sasa anaisikia kwa mkono. Ukurasa wa kwanza ulitoka safi kabisa. Baba akanitazama. "Umeona? Mmeandika barua mpaka Ulaya, na kazi imefanywa na kebo ya Parsimei."

Shangazi akachukua ukurasa wa pili. Vidole vikaenda, vikasimama, vikarudi nyuma. Akasema, kwa ile sauti yake ya siku hizi, "Mbuzi walikuwa mtoni. Sasa wako sokoni na wana bei. Nani amekula maneno yangu?"

Ukurasa wa tatu ulikuwa mbaya zaidi. Wa nne ulikuwa herufi tu.

Nilimwambia Baba arudishe kebo. Akasema, "Parsimei ni rika langu. Nitamwambia nini, kwamba ameniuzia takataka? Kitu cha rika hakirudishwi." Nikamwambia basi nitairudisha mimi. Akasema, "Wewe ni binti wa rika. Ndiyo kabisa usijaribu."

Mzee Parsimei mwenyewe amesema kebo ni nzima, mashine ndiyo ina tatizo, ipelekwe dukani kwake ikaguliwe. Baba amekubali kuja kuichukua baada ya Pasaka. Shangazi nilipomwambia alivuta kiti chake akakaa karibu na mashine.

Mwanao,
Namnyaki


Rostock, 21 Aprili 2024

Namnyaki mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia Alhamisi. Pasaka imepita, na mimi nimekaa na karatasi hizi nikijua kwamba chochote nitakachoandika kitafika baada ya jambo lenyewe. Basi naandika hata hivyo. Mashine isitoke nyumbani. Kama imeshatoka, usiniandikie kunieleza ilivyotoka. Niandikie iko wapi.

Usiniulize kwa nini. Kuna mambo niliyokubali kutoyasema.

Fungua ile kebo. Chukua bisibisi ndogo, ondoa ganda la plagi ya upande wa matundu ishirini na tano, hesabu waya. Najua utakuta tatu. Ukurasa wa kwanza ulitoka safi kwa sababu mashine ina kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi maneno yanayongoja kupigwa. Ilipojaa, haikuwa na njia ya kuiambia kompyuta isubiri, na maneno yaliyozidi yakamwagika. Kosa si la mashine hata kidogo. Imefanya kazi tangu kabla hujaanza shule.

Nimefanya kazi na waya kwa miaka mingi, na nimeshaona ujinga wa kila aina. Ujinga haunisumbui, mjinga hufundishika. Kinachonitia kichefuchefu ni kebo ya waya tatu. Aliyeitengeneza alijua. Alikaa mezani na kipande cha plastiki chenye nafasi ya pini ishirini na tano, akaziweka pini zote ishirini na tano mahali pake ili macho yaridhike, halafu akaunganisha tatu. Na aliyeiuza, akijua inakwenda kwa mwanamke asiyeona, ambaye hawezi hata kulidanganya jicho lake kwa kuitazama, anasema kebo ni nzima.

Namfahamu mtu huyo. Zaidi ya hapo siandiki.

Na baba yako. Tajeu ni mdogo wangu na nampenda, lakini nimesoma mara tatu kile alichosema, kwamba kitu cha rika hakirudishwi, na kila mara nimelazimika kuinuka mezani. Mimi pia ni wa rika hilo. Tulitahiriwa asubuhi moja, mimi, Parsimei na wengine ambao wengi wao wamelala. Hakuna aliyetufundisha siku ile kwamba rika ni kumeza chochote utakachowekewa mdomoni. Tuliambiwa tusimwaibishe mwenzetu. Sasa naona imekuwa kwamba mwenzetu hana aibu, na sisi ndio tunaibeba kwa niaba yake.

Nilituma kifurushi tarehe 26 Februari. Ndani kuna adapta na kebo, nimezijaribu kwa kurasa arobaini mfululizo. Nimefungia kikaratasi kwenye kebo kwa uzi wa bluu, kimeandikwa kwa mkono wangu: jina la Simaloi, soketi inapoingia na namna ya kukaza skrubu. Kuna pia flashi yenye barua yangu kwake. Itume kwenye mashine, uitoe, umpe. Ni yake.

Nimekituma kifurushi kwa sanduku la posta la usharika wa Oldonyo Sambu, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa moyo. Nilipokwisha kukiweka kwenye kaunta nilikumbuka kwamba wewe uko Lemara. Mzee anayejidai makini ameandika anwani ya mwaka 1985.

Baba yako mkubwa,
Loishiye


Lemara, 9 Juni 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mashine iko hapa. Nimeanza na hilo, salamu zinafuata.

Tuko wazima. Baridi imeingia, mlima haujaonekana wiki nzima. Naisiae amepata sweta ya tatu, nimemshonea jina mgongoni kama mchezaji. Yoeli ameuza shamba dogo la juu. Shangazi sasa hasikii simu hata ukiiweka sikioni kwake. Tunamwandikia kwa kidole kiganjani, herufi moja moja, na akichoka anafunga mkono.

Baba na kijana wa Mzee Parsimei walikuja Jumanne baada ya Pasaka na pikapu. Shangazi alikuwa ameketi juu ya mashine. Siongezi chumvi, Baba Mkubwa, alikuwa ameifunika kwa blanketi akaketi juu yake kama mtu anayengoja basi. Baba alimwandikia kiganjani, yeye akaufuta mkono kwenye gauni. Yule kijana akasema, "Bibi, ni ukaguzi tu." Hakumsikia, lakini akajibu kama amemsikia: "Ya kwanza nayo ilikwenda kukaguliwa." Baba akabadilika uso. Akamwambia kijana waondoke.

Kebo niliifungua. Waya tatu, na nafasi iliyobaki wamejaza gazeti.

Sasa kifurushi chako. Wiki ikapita, nyingine ikapita, barua yako ya Aprili ikafika, kifurushi hakuna. Nikapanda Oldonyo Sambu kumuuliza Baba. Akasema ndiyo, karani wa usharika alimpa tangu Mei mwanzoni. Na kiko wapi? Akaanza kuvua kofia na kuivaa. Alipita nacho dukani kwa Parsimei kumsalimu. Parsimei akasema hebu tuone kaka ametuletea nini. Baba akafungua. Parsimei akasema adapta kama hizi zinahitaji kujaribiwa kabla ya kutumika, niachie. Flashi Baba aliirudisha mfukoni kwa bahati tu, hakujua ni nini.

Nikamuuliza, "Ukamwachia?"

"Ni rika langu, Namnyaki. Ameomba mbele ya watu."

Nilishuka mjini siku hiyohiyo. Duka lilikuwa limejaa. Mzee Parsimei alikuwa amekaa ndani ya lile koti lake la ngozi, na kwenye ukuta nyuma yake, katikati ya chaja na vioo vya simu, ilikuwa inaning'inia kebo yako na uzi wa bluu. Kikaratasi chako kilikuwa bado kipo, jina la Shangazi kwa wino. Hawakujisumbua hata kukitoa.

Niliinamisha kichwa, nikamsalimu kama inavyotakiwa. Akaniwekea mkono kichwani. "Binti yangu. Yule dada yetu hajambo?"

"Hajambo. Nimefuata kebo yake."

"Kebo gani?"

"Ile yenye jina lake."

Akageuka, akaitazama kama mtu anayeona mjukuu mgeni. "Ah, hii. Hii ni mali ya Ulaya, imara. Imeshaingia kwenye stoku, binti yangu. Lakini kwa sababu ni wewe, tutaelewana bei."

Gaurav, yule mwenye duka la taa mlango wa pili, alikuwa amesimama hapo na glasi ya chai. Akasema, "Mzee, hata mimi ninayeuza balbu huwa nafuta jina la mwenye nyumba kwanza." Watu wakacheka. Mzee Parsimei naye akacheka, na nadhani kicheko chake ndicho kilichonishinda.

Nikasema, "Mzee, hii umeiba. Umemwibia kipofu, na sasa anakuwa kiziwi."

Hakuna aliyecheka tena. Niliweka pesa mezani bila kuuliza bei, nikanyoosha mkono mwenyewe ukutani, nikaichukua na adapta yake. Kwa hiyo, Baba Mkubwa, kebo yako tumeinunua.

Inafanya kazi. Niliifunga kwa skrubu zote mbili kama ulivyoandika kwenye kikaratasi. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa barua yako. Sikuisoma, na hata ningetaka nukta zile siziwezi. Kurasa zilitoka moja baada ya nyingine hadi mwisho, hakuna neno lililoliwa. Shangazi alizichukua zikiwa bado zinatoka. Alisoma ameketi kitandani, amegeukia ukuta. Kuna mahali vidole vyake vilisimama muda mrefu, vikarudi juu, vikapita tena.

Halafu akaniambia kuhusu mashine ya kwanza. Kwamba uliituma mwaka 1993, Mzee Parsimei ndiye aliyekuwa na lori, akaichukua bandarini akaipitisha kwake "kukaguliwa", na lililofika Oldonyo Sambu lilikuwa boksi na karatasi. Kwamba mwaka uliofuata uliileta hii ya pili mwenyewe, ukaibeba mapajani ndani ya ndege. Kwamba wazee walikaa, kondoo akachinjwa, mkala, jambo likafungwa, na tangu siku hiyo ni mwiko kulitaja. Nilimwandikia kiganjani: mbona sasa unalitaja? Akasema, "Waliolifunga hawakuniuliza mimi."

Nimebakiza jambo moja. Wazee wa rika wamekaa Oldonyo Sambu kwa sababu yangu. Wanasema nimemwaibisha Mzee Parsimei, aliye baba yangu kwa rika, mbele ya watu. Natakiwa nilete kondoo dume na blanketi, nipige goti kwa Mzee Parsimei, naye anitemee mate ya baraka, na jambo lote, la kebo na la neno nililosema, lifungwe lisitajwe. Lazima niongozwe kwa mkono na mkubwa wa nyumba yetu. Baba hawezi, yeye mwenyewe yumo ndani ya kesi. Wamesema ni wewe. Mzee Parsimei amesema kama ni nauli ya ndege, yeye atatoa.

Sisemi uje. Sisemi usije.

Mwanao,
Namnyaki


Lemara, 15 Septemba 2024

Shikamoo, Baba Mkubwa.

Sijapata barua yako tangu Aprili. Natumaini ni posta. Naisiae anakuuliza kama paka wa jirani ana jina.

Sikio la Shangazi la kulia limezima, mwezi wa nane mwanzoni. Alilia siku moja, kesho yake akaomba karatasi. Tunatuma kwenye mashine kila kitu: magazeti, mahubiri, umbea wa mtaa ninaouandika mimi jioni. Majirani walikuwa wanalalamika kwa kelele zake, sasa wanakuja kuuliza kama wao wameandikwa.

Kondoo ameshanunuliwa. Baba amemnunua kwa niaba yangu bila kuniuliza, amefungwa nyuma ya nyumba Oldonyo Sambu, na kwa kuwa unangojwa wewe anaendelea kula. Yoeli anasema amenenepa mpaka hawezi kugeuka. Kila Jumamosi Mzee Parsimei anamuuliza Baba, "Kaka anatua lini?" Baba hajaniongelesha tangu Juni. Akija anamsalimu Shangazi kiganjani na kuondoka.

Lakini kuna kitu nataka ukijue. Shangazi hasikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya korongo. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, watu wakiwa wanasalimiana, alianza kumsimulia Namnyaki wake, yaani mimi, safari ya mashine ya kwanza. Lori, boksi, karatasi, jina la mtu. Kila mtu alisikia. Mzee mmoja wa rika lenu alikuja mbio akamwambia, "Simaloi, hilo lilifungwa." Hakumsikia. Akamshika mkono amwandikie kiganjani, na yeye akafumba ngumi. Akaendelea mpaka mwisho. Akina mama walikuwa wamesimama, hakuna aliyeondoka.

Kwa hiyo sasa wanataka uje haraka zaidi. Wanasema ukija, kondoo mmoja atatosha kwa yote, la zamani na la sasa, na Shangazi ataandikiwa kiganjani mbele ya wazee kwamba imekwisha, naye ataambiwa akubali.

Nitafanya utakavyosema. Ukisema nipige goti nitapiga.

Namnyaki


Rostock, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Namnyaki,

Paka anaitwa Moritz, mwambie Naisiae. Ni mnene kama kondoo wa baba yako na hana kesi.

Haikuwa posta. Barua yako ya Juni niliipata mwanzoni mwa Julai, na nimeandika majibu matatu nikayachana. Nilikuwa na sababu ambayo sikukuambia. Mwezi Februari nilikata tiketi ya Desemba. Nilitaka kumkuta Simaloi angali anasikia kidogo, anisikie nikiita jina lake mlangoni. Nilimwandikia hivyo katika ile barua ya flashi. Nadhani ndipo vidole vyake viliposimama.

Baada ya barua yako nilijiambia kwamba naweza kuja kimya, nifikie Lemara kwako, nisipande Oldonyo Sambu. Nimekaa mbali muda mrefu, lakini si mrefu kiasi cha kujidanganya hivyo. Watajua kabla sijafungua sanduku. Watakuja kwa heshima zote, watanipa kigoda, na kondoo atakuwa nyuma yao.

Nakumbuka yule wa 1994. Tulikaa upande wa juu wa boma, mahali ambapo asubuhi ukitoka unaona mlima kwa mgongo wake, ule upande ambao watu wa mjini hawaujui, mkavu, wenye makorongo. Nimeuona usingizini mara nyingi kuliko nilivyouona kwa macho. Parsimei alinikatia kipande cha mkia, mafuta matupu, akakiweka mdomoni mwangu kwa mkono wake kama inavyotakiwa. Wote walikuwa wananitazama. Nilimeza. Simaloi alikuwa amekaa jikoni na boksi tupu, hakuna aliyemwita. Kisha wakapiga makofi, wakasema hatuna neno, na tangu siku ile kwa kweli hatukuwa nalo. Miaka thelathini niliandika barua nyumbani bila kulitaja. Mafuta yale bado nayasikia kooni, na nimesikia yakipanda kila niliposoma neno nauli. Ananunua tiketi ya mtu atakayekuja kumsafisha.

Nakuandikia sasa kama mkubwa wa nyumba, kwa sababu ndivyo walivyosema niwe. Usipige goti. Hukumwaibisha. Alikuwa ametundika aibu yake ukutani na jina la dada yangu juu yake. Wewe uliisoma tu. Kama watakutoza, wakutoze. Kama watakuita binti asiye na adabu, itikia, uendelee na safari zako za Nduruma. Heshima uliitoa ulipoinamisha kichwa. Walichobakiza ni biashara.

Baba yako atasema hakuna njia nyingine. Mwambie kwamba njia ipo, na imo mikononi mwake: aende dukani, arudishe kebo ya waya tatu, aseme hii ni mbovu. Maneno matatu. Siku atakayofanya hivyo nitamwandikia barua ndefu kuliko zote. Kabla ya hapo simwandikii, na unaweza kumwambia kwamba inaniuma.

Kondoo auzwe, au Yoeli amchukue awe dume la zizi lake. Wazee wanajua kama ninavyojua mimi: bila mkubwa wa nyumba yetu kuketi, hachinjwi. Asipochinjwa, hakuna lililofungwa. Simaloi aseme nje ya kanisa, aseme sokoni, alipige kwenye karatasi akitaka, nakala kumi. Alinyamazishwa miaka thelathini akiwa anasikia. Hawatamwandikia kiganjani kwamba imekwisha, maana atakayetakiwa kusimama hapo na kukubali kwa jina la nyumba hatakuwepo.

Nimerudisha tiketi. Nimetuma leo, kwa sanduku lako la Lemara, kebo ya pili ya akiba na adapta mbili, kwa sababu vitu hivi havitengenezwi tena vizuri na Simaloi ana miaka ya kusoma mbele yake. Usiivute kwa waya; shika plagi. Kaza skrubu za pande zote mbili, kwa vidole tu, usitumie koleo. Ndani kuna flashi nyingine, yake. Nimemweleza mwenyewe haya yote. Mwache asome amegeukia ukuta, na akikuuliza kama nimekuambia, mwambie ndiyo.

Wakikuuliza wazee, usizunguke, wala usiseme nitaangalia, wala Mungu akipenda. Waambie Loishiye hatarudi. Sitarudi Desemba, na sitarudi baada ya Desemba.

Baba yako mkubwa,
Loishiye